Watu wanagombania asilimia, mshahara unawapita: kisa cha kibarua wa karakana ya mbao

Hiki ni kisa cha 2025, Mombasa upande wa bara. Majina nimeyatoa yote, mtaa pia, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili karakana isijulikane. Mimi kazi yangu ni kuwasaidia wafanyakazi kufuatilia wiba, yaani fidia ya kuumia kazini, sio wakili, nilianza nikiwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi huko kiwandani miaka hiyo na sikuacha. Naandika kwa sababu kisa hiki nilikaribia kukiharibu mwenyewe.

Mtu mwenyewe na kazi yenyewe

Nitamwita Juma. Miaka 31, mke mmoja, watoto wawili. Alikuwa kibarua kwenye karakana ya milango na fanicha, hapo alishakaa mwaka na zaidi, sio mtu wa juzi. Aliingia kama wa kubeba mbao, akaanza kumsaidia mtu wa mashine, yule mtu akahamia Nairobi na Juma akajikuta yeye ndo mtu wa mashine. Hakuna aliyemfundisha rasmi, hakuna barua, hakuna payslipu. Pesa ilikuwa 800 kwa siku, inalipwa Jumamosi kwa M-Pesa, na haikutoka namba ya kampuni, ilitoka simu ya fundi mkuu. Saa saba kuna chakula cha karakana, maharagwe na chapati mbili. Hiyo chapati ikumbuke, tutairudia.

Kwa wasioijua, wiba (WIBA, Work Injury Benefits Act) ni ile sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha ya kazini, ya 2007, ilianza kutumika Juni 2008. Ukiumia kazini huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alikosea. Unathibitisha tu uliumia, uliumia ukiwa kazini, na wewe ni mwajiriwa. Kibarua ni mwajiriwa. Narudia hapo manake nusu ya watu wanaokuja kwangu wanaanza na "lakini mimi ni kibarua tu".

Siku yenyewe

Ilikuwa Jumanne ya Februari, saa kumi jioni hivi. Karakana ilikuwa na oda ya milango 40 ya mjengo mmoja na tayari walikuwa wamechelewa. Mashine ni ile ya kukata mbao yenye blade ya duara, na gadi yake, yaani ile kava ya juu, ilikuwa imetolewa tangu wiki iliyopita sababu mbao za oda hiyo zilikuwa nene hazipiti chini yake. Juma anasukuma ubao kwa mkono wa kushoto, ubao ukakutana na msumari au kifundo, ukaruka, mkono ukaenda mbele. Kidole cha shahada kilikatika chote, cha kati kikatika ncha.

Wakamfunga na fulana ya mtu, wakaita tuktuk. Fundi mkuu akapanda naye. Na humo ndani ya tuktuk, mtu anatokwa damu mpaka viatuni, fundi akamwambia: "Juma ndugu yangu, huko ukiulizwa sema umekatwa na panga nyumbani ukipasua kuni. Ukisema ni kazini kadi yako ya SHA haitafanya kazi, na bosi hatalipa leo."

SHA ni ile bima ya afya ya serikali. Juma akasema hivyo hivyo. Mimi simlaumu, ungekuwa wewe na vidole viko kwenye mfuko wa nailoni ungesema chochote. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kabisa ya hospitali imeandika alijikata kwa panga, nyumbani.

Siku tisa za kwanza

Alilala wodini siku tatu. Matibabu, dawa, hata nauli ya kwenda na kurudi hospitali, kisheria ni mzigo wa mwajiri, sio wa kadi ya SHA wala wa shemeji kukopa kwenye chama cha akiba. Lakini Juma na watu wake walilipa wenyewe yale ambayo kadi haikulipa.

Siku ya tisa akaitwa karakana. Bosi alikuwa mpole sana siku hiyo. Akampa elfu thelathini kesh na karatasi ya kutia sahihi, imechapwa kwa Kiswahili, nimeishika kwa mkono wangu: "Nimepokea shilingi elfu thelathini kutoka kwa kampuni kama msaada na sina dai lolote la sasa wala la baadaye." Juma akatia sahihi kwa mkono wa kulia ambao ulikuwa mzima. Nyumbani hakukuwa na unga.

Mwajiri akishajua kuna ajali ana siku 7 za kuripoti kwa kurugenzi ya usalama na afya kazini. Siku ya saba ilishapita kabla hata ya hiyo karatasi na hakuna kilichoripotiwa.

Alipofika kwangu

Wiki ya tano. Hakuja yeye, alikuja mkewe kwanza, na mfuko wa plastiki umejaa karatasi. Akaniambia, "Mzee wangu, huyu anasema ameshamaliza na wao. Mimi naona hajamaliza." Nikamwambia amlete.

Binamu yake Juma alikuwa ameshampeleka kwa mtu anayejiita ajenti wa wakili, ameahidiwa kesi kortini na milioni moja na nusu. Hilo nililikata mapema. Kifungu cha 16 cha wiba kinazuia kumshtaki mwajiri kortini kudai fidia ya ajali ya kazini, njia ni kupitia kwa mkurugenzi wa ile kurugenzi ya usalama kazini, na Mahakama ya Juu ilishalimaliza suala hilo tarehe 3 Desemba 2019. Bado kuna watu wanazunguka na fomu za kuchukua wateja kama vile 2019 haijafika.

Tukaamua mambo matatu. La kwanza, kupeleka taarifa sisi wenyewe kwa barua ofisi ya usalama kazini na nakala kwa mwajiri, tusingoje bosi ajisikie. Dai lina miezi 12 tangu ajali, tulikuwa na nafasi, lakini mashahidi wa karakana ni vibarua, na kibarua leo yuko Changamwe kesho yuko Kilifi. La pili, kuomba faili nzima ya hospitali, sio ile discharge samari peke yake. La tatu, kutorudisha ile elfu thelathini. Juma alitaka kuirudisha ili awe msafi, nikamwambia mwanangu, hiyo pesa imeshaliwa na wewe hujafanya kosa.

Hiyo ya pili ndo ilituokoa. Karatasi ya mapokezi inasema panga, sawa. Lakini ndani ya faili kuna maelezo ya chumba cha upasuaji, na aliyemsafisha jeraha aliandika kwamba lilikuwa limejaa unga wa mbao na vipande vya mbao, na kwamba kidole kilikatwa na kitu kinachozunguka. Mtu wa watu, sijui ni nani, alifanya kazi yake tu akaandika alichokiona. Panga la kuni halimwachi mtu na unga laini wa mbao mpaka kwenye mfupa. Pamoja na dereva wa tuktuk aliyekubali kuandika kwamba alimbeba kutoka getini kwa karakana saa kumi na robo, lile suala la nyumbani likafa.

Kuona hivyo mwajiri akabadilisha wimbo. Akajaza fomu ya wiba sehemu yake na akaambatanisha barua: ni kweli ilikuwa kazini, ila Juma alitoa gadi mwenyewe, alishaonywa kwa mdomo, kwa hiyo amejiumiza kwa makusudi.

Hapa tukarudi kwenye sheria. Utovu wa makusudi unaweza kumnyima mtu fidia, ndio, kama hakupata ulemavu mkubwa wala hakufa. Lakini hoja yetu ilikuwa kwamba hata kama alikuwa anaenda kinyume na maagizo, alichokuwa anakifanya kilikuwa kwa ajili ya biashara ya mwajiri. Tukauliza swali moja tu kwenye majibu: ile milango 40 ilikuwa ya nani? Na hata hivyo sheria ya usalama kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri ndo afunike sehemu hatari za mashine. Gadi imetoka wiki nzima na fundi mkuu anapita hapo kila siku anaiona. Hoja hiyo haikurudi tena.

Vita vya asilimia, na hapa ndo nilipotea

Fidia ya ulemavu wa kudumu inahesabiwa hivi: mapato ya mwezi, mara 96, mara asilimia ya ulemavu. Ndo hiyo tu, mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Daktari tuliyemwendea sisi akasema asilimia 18. Daktari wa mwajiri akasema 8. Daktari wa kurugenzi akamwangalia, akasoma eksirei, akasema 12. Na sisi, mimi nikiwa mbele, tukakasirika. Wiki sita nzima tulikuwa tunakimbizana na asilimia, barua kwa daktari, picha za mkono, Juma anaonyesha jinsi asivyoweza kushika kikombe. Juma anasema "kidole changu ni 18", mimi nasema tutapigana.

Tathmini ikatoka: shilingi 101,376. Juma akalia, mimi nikaanza kuandika malalamiko kuhusu ile 12. Mkewe ndo aliuliza, tena kwa sauti ya kuogopa kama anaingilia mambo ya wanaume: "Hii elfu nane na mia nane ni nini?"

Nikaangalia. Kwenye fomu, sehemu ile aliyojaza mwajiri, mapato ya mwezi: 8,800. Kampuni imesema Juma ni kibarua wa siku 11 kwa mwezi. 11 mara 800. Fomu hiyo nilikuwa nayo wiki nane. Niliisoma kutafuta uongo kuhusu ajali, kwenye mshahara jicho likapita tu, nikajua ni mambo ya ofisi.

Sasa piga hesabu uone ujinga wangu. Hata tungeshinda ile 18 yote, 8,800 mara 96 mara asilimia 18 ni 152,064. Lakini kwa mshahara wa kweli, asilimia 12 ile ile tuliyokuwa tunaitukana inaleta zaidi ya laki mbili. Wiki sita tumegombana na daktari, na daktari hakuwa ndo mwenye shida.

Jumamosi ishirini na sita

Hukubaliani na uamuzi, una siku 60 za kuweka pingamizi kwa mkurugenzi. Sisi tulikuwa tumeshakula wiki tatu kwa hasira.

Daftari la mahudhurio lilikuwa kwa fundi na fundi hakuwa anashika simu. Meseji za M-Pesa Juma alikuwa akifuta, simu yake ndogo inajaa. Lakini kufuta meseji hakufuti rekodi. Tukapiga *334#, ile namba ya huduma za M-Pesa, tukaomba statementi ya miezi sita kabla ya ajali, ikaja kwa imeili ya mtoto wa jirani manake Juma hana imeili, tukaiprinti sibakafe kwa shilingi kumi kila ukurasa.

Tukakaa kwenye mkeka kwao, taa ya umeme inazima na kuwaka, shemeji ameshika biro nyekundu anazungushia kila Jumamosi. Namba ile ile ya fundi, kila wiki. 4,800. 4,800. 4,000. 4,800. Wiki 26 hakuna hata moja iliyokosa. Wiki 20 ni 4,800, yaani siku sita kamili, na wiki 6 ni 4,000, aliugua au ilikuwa sikukuu. Jumla 120,000 kamili. Kwa miezi sita ni 20,000 kwa mwezi.

Tatizo likabaki: hiyo ni namba ya mtu binafsi, kampuni ikisema ni fundi alikuwa anamlipa deni lake? Wenzake wawili Juma, mmoja ameshaacha kazi pale na mwingine bado yupo (huyu nilimwomba mara tatu kama ana uhakika, akasema ana uhakika), wakatoa statementi zao. Jumamosi zile zile, namba ile ile, saa ile ile ya kati ya saa kumi na kumi na moja jioni. Fundi hawezi kuwa anadaiwa na watu watatu kila Jumamosi miezi sita mfululizo.

Pingamizi likaingia siku ya 52. Ukurasa mmoja na nusu, statementi tatu, na jedwali la wiki 26 lililoandikwa kwa mkono. Kuhusu asilimia hatukuandika hata neno.

Kilicholipwa

Mapato yakabadilishwa kuwa 20,000. Mara 96, mara asilimia 12, ni 230,400. Juu yake yale malipo ya muda ambao hakuweza kufanya kazi kabisa, ambayo chini ya wiba ni sawa na mapato yake. Juma alikuwa nje miezi miwili na nusu, kwa hiyo 50,000. Jumla 280,400.

Kampuni ikataka kukata ile elfu thelathini. Hapo ndo karatasi yao wenyewe ikawageuka, manake iliandika "kama msaada". Afisa wa kurugenzi akasoma kwa sauti, akasema msaada ni msaada, fidia ni fidia, na mfanyakazi hawezi kuiacha fidia yake kwa kutia sahihi karatasi ya ofisini. Aliyeichapa ile karatasi nadhani aliona neno msaada linamfanya bosi aonekane mtu mzuri.

Bima nayo ilikataa. Kampuni ilikuwa na bima ya wiba, ila majina ya vibarua hayakuwa kwenye hesabu ya mishahara waliyoitangaza kwa bima ili premiamu iwe ndogo. Hilo likawa kati yao na broka wao. Deni ni la mwajiri, awe na bima inayolipa au asiwe nayo, na anatakiwa alipe ndani ya siku 90. Akalipa kwa awamu nne za 70,100. Awamu tatu zilikuja vizuri, ya nne ilichelewa ikaja baada ya barua ya kuwakumbusha.

Nikiangalia nyuma

Kilichofanya kazi zaidi ni vitu vilivyoandikwa na watu wasiokuwa na habari kwamba vitatumika. Aliyesafisha jeraha na simu ya fundi. Mashahidi wa mdomo tulikuwa nao watano mwanzoni, wakabaki wawili, na siwalaumu hao wengine, wana watoto pia.

Kuripoti wenyewe ilikuwa sawa. Tungemngoja mwajiri tungekuwa bado tunamngoja.

Kutoshtaki kortini ilikuwa sawa pia, ingawa binamu mpaka leo anaamini nilihongwa.

Kilichoharibika ni mpangilio wangu wa kusoma. Fomu ya mwajiri ina sehemu nyingi za kujaza na mimi niliipa uzito ile ya "ajali ilitokeaje" kwa sababu ndo yenye hadithi. Ile ya mapato ni namba tu, haina hadithi, na kila kitu kinazidishwa nayo, fidia ya kudumu na malipo ya muda vyote viwili. Siku hizi mtu akiniletea faili nauliza analipwaje kabla sijamuuliza ameumia wapi, wengine wananiona mtu wa roho ngumu. Na nawaambia waombe statementi wiki hiyo hiyo, sio baada ya tathmini.

Kuhusu ile asilimia 12 yenyewe, nikiwa na akili iliyotulia, ilikuwa ya haki. Jedwali la sheria linahesabu kidole kwa kidole na kiungo kwa kiungo, haliangalii kama wewe ni seremala au karani. Mtu anaweza kuona hilo ni dhuluma, na mimi naona hivyo, lakini hiyo ni lawama ya sheria, sio ya daktari aliyeisoma.

Alafu chapati. Mapato chini ya wiba yanajumlisha thamani ya chakula au makazi ambayo mwajiri anampa mfanyakazi. Juma alikula pale kila siku ya kazi. Ukikisia sahani ile kwa shilingi 100 tu, siku 25, ni 2,500 kwa mwezi, ambayo ukiizidisha kwa 96 na asilimia 12 ni 28,800 zaidi. Ni karibu ile ile elfu thelathini aliyopewa siku ya tisa. Nilikumbuka nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani siku awamu ya pili imeingia, Juma amenipigia simu ana furaha, anasema mke wake anataka kufungua biashara ya maharagwe na chapati pale stendi. Nikahesabu tarehe vidoleni. Siku 60 zilikuwa zimeisha kitambo.